Gia boksi ya pili nayo imekufa

Malalamiko haya kila gereji ya Dar es Salaam imeyasikia. Mtu ana Noah au Mark X ya oto, gia boksi imeanza kuteleza: akikanyaga mafuta injini inalia, gari haliendi. Anaambiwa atafute nyingine. Anazunguka maduka ya spea, anachagua ya mtumba iliyotoka Japani, inafungwa, haidroliki (oili ya gia boksi) mpya inamiminwa, gari linatoka gereji likiwa jepesi kana kwamba limeshushwa melini jana. Miezi michache baadaye dalili ni zilezile. Mteja anamlaumu muuza spea kwamba amemtupia mkweche. Muuza spea anamlaumu fundi. Fundi analaumu foleni.

Inawezekana mmoja wao ana haki. Lakini mara nyingi hakuna kati ya hao watatu aliyeigusa rejeta, na hapo ndipo penye jibu. Ndani ya tangi la chini au la pembeni la rejeta ya gari la oto kuna kipoza kidogo cha chuma ambamo haidroliki hupita kabla ya kurudi kwenye gia boksi. Gia boksi ya kwanza ilipokuwa mahututi ilitema unga wa klachi na vumbi la chuma, na sehemu ya uchafu huo ikaenda kujificha humo, katikati ya vijia vyembamba visivyofikiwa na brashi wala kidole. Ya pili ilipofungwa ilianza kunyweshwa uchafu wa marehemu tangu siku ya kwanza.

Kuna vifaa viwili vinavyoweza kuzuia msiba huu, na vyote viwili hufungwa nje bila kuigusa gia boksi yenyewe: rejeta ndogo ya haidroliki inayokaa mbele ya gari na kupozwa na upepo, na filta inayofungwa kwenye mpira unaoirudisha haidroliki. Marekani na Australia watu wanaovuta mashua na nyumba za matela wamevitumia kwa miongo mingi. Kwetu vinaanza kuzoeleka, hasa kwa wenye magari makubwa ya safari. Tatizo ni kwamba vinafungwa ovyo, na vingine vinafungwa kwenye magari yasiyovihitaji kabisa.

Tuanze na joto. Gia boksi ya oto imezaliwa nalo. General Motors ilipoanza kuuza Hydra-Matic mwishoni mwa 1939, kwenye Oldsmobile za toleo la 1940, ilikuwa imeondoa klachi ya mguu na kuweka oili mahali pake: pangaboi moja linazungushwa na injini na kuirusha oili, jingine linaipokea na kuzunguka kuelekea kwenye gia. Konveta ya leo ni mjukuu wa wazo hilo. Uzuri wake ni kwamba gari linaweza kusimama injini ikiwa inanguruma na gia imeingia. Gharama yake ni kwamba pangaboi hizo mbili zinapopishana mwendo, nguvu inayopotea katikati haina pa kwenda ila kuwa joto ndani ya oili.

Ukiwa barabara ya tambarare, mwendo wa 80, klachi ndogo iliyo ndani ya konveta hujifunga, pangaboi zote mbili zikazunguka kama kitu kimoja, na joto likashuka. Balaa liko mlimani na kwenye foleni. Chukua Noah yenye abiria saba na mizigo yao inayotoka Mombo kwenda Lushoto. Safari ni ya kilomita 33 hivi, lakini barabara inapanda karibu mita elfu moja, kona juu ya kona, na klachi ya konveta muda mwingi iko wazi. Injini ikitoa kilowati 40 na konveta ikipoteza asilimia 15, hizo ni kilowati 6 za joto zinazoingia kwenye oili. Ni sawa na kuzamisha pasi sita za umeme ndani ya lita chache za haidroliki na kuziacha zote zimewashwa mpaka Soni.

Foleni joto lake ni dogo zaidi, ila halina upepo wa kuliondoa. Gari limekaa kwenye D, mguu uko kwenye breki, konveta inakoroga oili palepale, AC imewashwa na kondensa yake inapuliza hewa ya moto kuelekea kwenye rejeta. Wapo wanaotia N kila wanaposimama ili kuipumzisha. Kama trafiki amezuia upande wenu kwa dakika kumi, sawa. Kufanya hivyo kila baada ya mita ishirini ni kuzichosha klachi za ndani kwa kuziunga na kuziachia bila sababu.

Gia boksi nyingi za oto hufanya kazi kwa raha haidroliki ikiwa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Mafundi wa gia boksi wana kanuni yao ya zamani: kila joto linapozidi kwa nyuzi kumi hivi, umri wa oili hukatika nusu. Ikifika karibu 115, oili huanza kuacha utando mgumu kama vanishi kwenye vijia vya valvu. Kwenye 130 mipira ya sili hukakamaa. Ikikaribia 150 pleti za klachi huteleza na kuungua, na hapo ndipo inapotoka ile harufu ambayo fundi akishainusa mara moja haisahau. Kanuni hiyo ilitungwa enzi za oili za madini, na haidroliki za sasa zinavumilia zaidi. Mpira wa sili na gundi inayoshikilia pleti, hata hivyo, havijawa sugu kwa kiwango hichohicho.

Kipoza kilichomo ndani ya rejeta kina mpaka wake. Maji yanayokizunguka yenyewe ni ya moto, kwa sababu themostati za magari mengi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Hakiwezi kuishusha haidroliki chini ya joto la maji hayo, na siku injini inapochemka, gia boksi nayo inachemshwa pamoja nayo. Rejeta ndogo ya nje haiyategemei maji. Inategemea upepo, na upepo wa Dar mwezi wa pili, pamoja na kero zake zote, ni wa nyuzi thelathini na kitu tu.

Hata hivyo, nisingemshauri mtu aende kuinunua kabla hajapima. Magari mengi yaliyotengenezwa katika miaka ishirini iliyopita yana tundu la kuchomekea mashine ya kusoma kompyuta, chini ya dashibodi upande wa dereva, na kuna visomaji vidogo vya bei nafuu vinavyotuma namba kwenye simu kwa Bluetooth. Kompyuta ya gari ikikubali kutoa joto la haidroliki, mpe abiria asome simu, ataliona likipanda na kushuka mkiwa safarini. Isipokubali, simama penye usalama baada ya kupanda mlima, kisha upime sampu ya gia boksi kwa kile kipima joto cha miale wanachotumia mafundi wa AC. Namba ya nje itakuwa chini kidogo ya ile ya ndani, lakini inatosha kukuonyesha uko wapi.

Ukikuta kwamba katika safari zako za kila siku haivuki 95, hela yako iache mfukoni. Badilisha haidroliki kwa wakati na uishie hapo. Ukikuta inagusa 110 au 120 kila unapopanda Kitonga au Sekenke, kabla ya kununua chochote muombe fundi aangalie mambo ambayo hayana bei kubwa. Je, nafasi kati ya kondensa na rejeta imejaa vumbi, panzi na mifuko ya plastiki? Feni zote zinazunguka kwa kasi inayotakiwa? Rejeta ina kulanti, au imejaa kutu kwa miaka ya maji ya bomba?

Na themostati ipo? Swali hili linawaudhi mafundi wengi, kwa sababu ni wao walioitoa. Imekuwa desturi gari likichemka themostati inang'olewa na kutupwa, eti nchi yetu ni ya joto haiihitaji. Bila themostati, injini ikiwa kwenye mwendo mrefu inabaki baridi kupita kiasi, na kompyuta za magari mengi haziruhusu gia ya juu wala klachi ya konveta kufunga mpaka maji yapate joto la kutosha. Konveta inabaki wazi, inateleza kilomita baada ya kilomita, inatengeneza joto ambalo lisingekuwepo na kunywa petroli ya bure. Kinachoonekana kama dawa ya injini kinageuka kuwa sumu ya gia boksi.

Tuseme yote hayo yamekaguliwa na bado joto liko juu. Rejeta ndogo ziko za aina tatu. Ya kwanza ni bomba moja lililokunjwakunjwa na kupitishwa katikati ya mapezi ya alumini. Ni rahisi, na inafaa kwa gari dogo. Ya pili ina vijia bapa vilivyounganishwa na mapezi. Ya tatu, ya pleti zilizopangwa moja juu ya nyingine, inapoza zaidi kwa ukubwa uleule na ndiyo ningeichagua kwa Prado au Alphard. Ukubwa nao una kiasi chake. Kwa anayeishi Njombe au Makete, ambako asubuhi za Juni na Julai gari linaamka na barafu kwenye kioo, haidroliki isiyopata joto ni nzito, gia zinaingia kwa kuchelewa na kwa kishindo. Baadhi ya rejeta ndogo zina njia ya mkato ndani yake kwa ajili hiyo: oili ikiwa nzito inapita moja kwa moja, ikilainika ndipo inapozunguka kwenye pleti. Mwenye gari la nyanda za juu aulizie hiyo.

Mpangilio ninaouona una mantiki kwa nchi ya joto ni huu: haidroliki itoke gia boksi, ipite kwanza kwenye rejeta kubwa, iingie rejeta ndogo, ipite kwenye filta, ndipo irudi. Rejeta kubwa inaondoa joto zito, ya nje inamalizia, na filta inakamata kila kitu kilichotoka huko kote kabla hakijaingia ndani. Kuna mafundi wanaofunga filta mwanzoni, kabla ya kipoza. Ikiwekwa hapo, uchafu uliokwisha kujificha ndani ya kipoza unabaki na njia nyeupe ya kurudi kwenye gia boksi, na kwa gari lililobadilishiwa gia boksi hilo ndilo tulilokuwa tunalikimbia.

Filta yenyewe ni kopo dogo linaloenea kwenye kiganja. Nzuri ina vitu vitatu: kichujio chenye matundu madogo kuliko ya ule wavu ulio ndani ya sampu, sumaku ya kunasa vumbi la chuma, na valvu ya kupitishia oili endapo kichujio kitaziba. Usikubali isiyo na valvu hiyo. Katika gia boksi nyingi haidroliki inayorudi kutoka kwenye kipoza ndiyo inayokwenda kulainisha gia na bushi za ndani. Njia hiyo ikiziba, gia zinazunguka kavu, na sampu inaweza kuwa imejaa oili pomoni huku vyuma vinakula vyuma. Kwa sababu hiyohiyo mpira uliokunjwa kwenye kona mpaka ukapondeka ni hatari kuliko kutokuwa na rejeta ndogo kabisa. Na mshale ulioandikwa kwenye kopo unaonyesha oili inakoelekea. Kopo likifungwa kinyume, hiyo valvu haina kazi.

Sasa fundi atajuaje mpira upi unapeleka na upi unarudisha? Mabomba mawili yanafanana. Wengine wanabahatisha. Njia ya uhakika ni kufungua mpira mmoja kwenye rejeta, kuelekeza ncha zote mbili kwenye chupa mbili safi, kisha mwenzake awashe injini kwa sekunde mbili tatu na kuizima. Chupa iliyoingiwa na haidroliki itajibu. Gari lisiachwe likinguruma hapo, maana pampu inatema oili kwa kasi kuliko watu wanavyodhani.

Gari linaloharibika baada ya kazi hii mara nyingi halijaharibiwa na rejeta ndogo bali na mipira na klipu. Mpira wa maji hautakiwi hata kukaribia hapo. Haidroliki ya moto huulainisha, ukavimba, ukapasuka. Wa petroli nao si wake. Unaotakiwa ni ule uliotengenezwa kwa oili ya gia boksi, wenye kipenyo sawa na bomba la gari, ambalo kwa mengi ni milimita 8 au inchi tatu kwa nane. Bomba la chuma likikatwa, ncha yake itengenezewe kijikingo kinachozuia mpira kuchomoka, kisha ndipo klipu ikazwe. Ukikuta mpira umevalishwa kwenye bomba laini kama sigara na kukazwa kwa waya wa kufungia, ondoka na funguo zako. Mpira ukichomoka katikati ya mlima wa Nyang'oro, haidroliki yote inaisha kabla hujapata pa kuegesha, na ikidondokea kwenye ekzosi ya moto ni habari nyingine.

Kuhusu kuifunga rejeta ndogo yenyewe, seti nyingi huja na vijiti vya plastiki vya kuchomeka moja kwa moja kupitia mapezi ya kondensa. Ni haraka, na baada ya muda wa kutikisika kwenye rasta na matuta kondensa inatoboka, gesi ya AC inatoka. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza vishikizo viwili vya bati vinavyokaa kwenye fremu kwa kazi ya nusu saa. Iachwe nafasi ya kidole kati yake na kondensa, ifungwe mahali ambapo jiwe la barabarani haliifikii kirahisi, na mipira ipitishwe mbali na ekzosi na kingo kali za bodi.

Nirudi kwenye ile gia boksi ya mtumba. Kipoza cha zamani ndani ya rejeta hakisafishwi kwa kumwagiwa petroli na kupulizwa kompresa. Kinachotoka ni kile kilichokuwa tayari kutoka. Ukibadilisha gia boksi iliyoungua, badilisha na rejeta, au kiache kabisa kipoza cha ndani: funga matundu yake na uitegemee rejeta ndogo peke yake, mradi iwe ya ukubwa wa kutosha na gari liwe la ukanda wa joto. Wamarekani walilazimika kujifunza njia hiyo kwa sababu nyingine. Nissan Pathfinder, Xterra na Frontier (kwetu Navara) zilizotengenezwa kati ya 2005 na 2010 zilijulikana kwa rejeta ambazo kipoza chake kilipasuka ndani, kulanti ikachanganyika na haidroliki, na sampu ikajaa uji wa rangi ya waridi. Kampuni ikaishia kurefusha dhamana ya rejeta hizo. Kulanti ikishaingia, gundi ya pleti za klachi inaachia, na hapo hata kubadilisha haidroliki mara tatu hakuokoi kitu. Kwa hiyo mwenye Navara au Pathfinder ya miaka hiyo akifunga rejeta ndogo, joto kwake ni sababu ya pili.

Haidroliki nayo ina historia yake. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 zile za Marekani zilitiwa mafuta ya nyangumi, kwa sababu hayakuwa na mshindani katika kuifanya klachi ishike kwa ulaini. Mwaka 1970 Marekani ikamweka nyangumi huyo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, mbadala ukatafutwa haraka, na toleo moja la mbadala huo likaanza kula viungo vya ndani vya vipoza, ikabidi litolewe jingine. Kila mtengenezaji alishika njia yake tangu hapo. Toyota inayotaka T-IV haitaki WS, Nissan ina Matic zake, Honda ina yake, na lile galoni jekundu linalouzwa kwa maneno "hii inaingia gari zote" linaingia kweli, kwa maana kwamba linamiminika. Gari la CVT, kama X-Trail na Dualis, lina oili ya peke yake kabisa, kwa sababu ndani yake mkanda wa chuma unashikwa kwa kubanwa. Hizo ndizo gari ambazo ningeziwekea rejeta ndogo bila kusita sana: zikipata joto kompyuta hupunguza nguvu ili kuikinga gia boksi, na dereva anajikuta anapanda mlima kwa mwendo wa baiskeli huku lori la saruji liko nyuma yake.

Baada ya kufunga, mfumo unahitaji oili zaidi ya awali, kwa sababu rejeta ndogo, filta na mipira vyote vinajaa. Toyota yenye kijiti hupimwa injini ikinguruma, gia ikiwa P, oili ikiwa ya moto, baada ya kuipitisha gia kwenye nafasi zote. Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa. Zisizo na kijiti zina boliti ya kupimia chini ya sampu na hupimwa haidroliki ikiwa nyuzi 40 hivi, gari likiwa limekaa sawa. Fundi anayelipandisha kwa jeki upande mmoja na kuchungulia anakudanganya, pengine bila kujua. Oili ikizidi pia ni kosa. Gia zinaipiga ikatoa povu, na povu halipozi wala halilainishi.

Kwa gari lililowekewa gia boksi ya mtumba, ile filta ya kwanza isiachwe muda mrefu. Ifunguliwe baada ya kilomita elfu moja au mbili, ikatwe kwa msumeno, kichujio kikunjuliwe juu ya gazeti. Unga mweusi laini ulioganda kwenye sumaku ni wa kawaida, ni klachi na chuma vinavyosagika taratibu kama vinavyosagika kwenye kila oto duniani. Unga ukiwa mwingi, huenda ni mabaki ya marehemu. Weka filta mpya na uangalie tena. Ukiona punje zinazong'aa rangi ya shaba, bushi zinalika. Ukiona vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, au unyoya unyoya wa pleti uliochanika, mrudie muuza spea mapema, dhamana yake ya mdomo ikiwa bado haijapoa, na umpelekee hiyo filta iliyokatwa kwenye mfuko.